Neno Zima Kwenye Tableti ya Naserian

Nilimwambia meneja anyamaze. Sikumwomba, nilimwambia. Kikao cha ofisi kilikuwa kimejaa, mwanangu Ester alikuwa ananyonya, na meneja alikuwa ameinua simu juu kama mtu aliyemkamata mwizi pamoja na kuku wake. Akaifungulia tena ile sauti ya Naserian, mhudumu wetu wa afya wa kijiji cha Piyaya, Ngorongoro: "Nimeangalia, meneja. Kituo kipya iko zima. Haina shida."

"Mmesikia wenyewe," akasema. "Zima. Yaani imezimwa. Aliiona imezimwa, akatuambia haina shida, akina mama wakaenda kukaa juani na watoto, gari la kliniki likasimama kwingine. Nimeshaagiza tableti ichukuliwe. Tutafute mtu anayejua kusoma."

"Nyamaza," nikasema.

Watu wote wakanyamaza kabla yake. Hata Ester aliacha kunyonya akageuza shingo.

"Siku sauti hii ilipoingia," nikaendelea, "wewe ulisimama pale mlangoni ukatuambia Piyaya wako safi. Ulisikia 'zima' ukaelewa ni sawasawa, kama alivyoelewa aliyesema. Leo mambo yameharibika ndiyo sikio lako limejifunza Kiswahili kingine?"

Akanitazama. Akasema taratibu, kwa huruma kabisa, na huruma hiyo ndiyo iliyonimaliza: "Mama Ester, hizo ni hasira za uzazi."

Hapo, wadogo zangu, ndipo nilipostaafu.

Wengine wanastaafu na mvi, wanapewa blanketi na saa ya ukutani. Mimi nimestaafu maziwa yakivuja kwenye blauzi. Lakini kazi nimeifanya. Niliingia pale ofisi ikiwa na meza moja, juu ya duka la pembejeo hapa Karatu mjini, nikiwa na cheti cha kidato cha nne na sauti ya kupokelea simu. Siku hizi wasichana wa Mbulumbulu, kwetu, wananisimamisha gulioni: "Dada, ile kazi ya programu za simu ikoje?" Nawajibu ninyi nyote hapa mara moja, maana gulioni mtoto analia na mimi nina haraka.

Tulikuwa tunatengeneza programu ya wahudumu wa afya wa vijijini. Inakaa kwenye tableti, na inamwambia mhudumu gari la kliniki ya mama na mtoto litasimama wapi, naye anawaambia akina mama. Ni hicho tu. Ila hicho tu, kama unakaa Piyaya na boma lako liko mbali na barabara, ndiyo tofauti kati ya mtoto kuchanjwa na mtoto kupigwa vumbi bure.

Ndani ya programu kulikuwa na swichi. Si za ukutani. Ni swichi za maandishi. Kila kitu kipya tulichotengeneza tulikifunga kwenye swichi, ili ofisini tuweze kukiwasha kwa watu wa Mang'ola leo na kwa watu wa Ngorongoro wiki nyingine, bila kwenda kuzikusanya tableti. Mhudumu mwenyewe hawezi kuiwasha wala kuizima, anaisoma tu. Swichi ya "kituo kipya" ikiwaka, programu inaonyesha mahali papya pa gari. Ikizimika, inaonyesha pa zamani.

Sasa swichi lazima ikae mahali. Tableti ikiisha chaji, ikaamka kesho hakuna mtandao, itajuaje swichi zilikuwaje jana? Ndiyo tukahitaji hifadhi isiyosahau, na kati ya programu na hifadhi ile tukahitaji mlango: programu inauliza nini, kwa maneno gani, na hifadhi inaruhusiwa kujibu nini. Mimi nilipewa kuchora mlango huo pamoja na Elibariki, fundi wetu mkuu, Mmeru mmoja mrefu anayekula mahindi ya kuchoma huku anaandika, kibodi yake ina punje mpaka leo.

Msidhani kuchora mlango ni kazi ndogo. Mlango mbaya unaharibu nyumba mbili.

Mchoro wangu wa kwanza Elibariki aliucheka mpaka akakohoa. Nilikuwa nimeifanya hifadhi ijue kila kitu: hii swichi ni ya chanjo, hii ya lugha, hii ya kituo. "Sista," akasema, "umewahi kuona ghala la vitunguu Mang'ola?"

"Nimekulia jirani na wenye malori."

"Mwenye ghala anaonja vitunguu?"

"Aonje ili iweje? Anapokea gunia limeshonwa, anaangalia alama ya mwenye mali, analipanga."

"Haya. Hifadhi yako inaonja."

Nikafuta yote. Gunia lishonwe nje, hifadhi ione jina na namba ya toleo basi. Kesho mkibuni swichi ya aina nyingine, ghala halihitaji kufundishwa upya. Hilo likazeni kichwani, litawaokoa.

Namba ya toleo nayo ina kisa chake. Mwanzoni hatukuiweka. Aliyefika mwisho ndiye aliyeandika, tukaona inatosha. Kumbe habari hutembea kama ng'ombe wanaorudi jioni, mwenye haraka hutangulia na aliyeondoka mapema anaweza kuja nyuma. Tableti moja ya Mang'ola ilipokea agizo jipya, halafu agizo la zamani lililokwama njiani likaingia likalifuta. Tulishinda tunawasha, inazima, tunawasha, inazima. Elibariki alifikiri ni mimi namtania. Tokea hapo mlango ukawa na sheria: ukija na gunia, onyesha namba, kama lililopo ndani lina namba kubwa kuliko lako, rudi na gunia lako nyumbani, hatugombani.

Na kufuta! Kufuta kunadanganya kuliko yote. Tulikuwa na swichi ya salamu za Pasaka. Sikukuu ikaisha, tukaifuta. Tukiwa katikati ya kuvuna ngano, bibi mmoja mhudumu wa Mbulumbulu akanipigia. Tukasalimiana vizuri kwa Kiiraqw, saita, saita, kisha akaniuliza kama kanisa limebadilisha kalenda, maana tableti imemtakia heri ya Pasaka na yeye yuko shambani na mavuno. Agizo la zamani lilikuta jina halipo, likajiona ni jipya, likaingia. Basi jueni kwamba kufuta si kuondoa. Kufuta ni kuandika, na namba juu yake, kwamba hiki kilikuwepo na kimefutwa. Maiti aachiwe kaburi, la sivyo atarudi kudai kiti chake.

Hayo tuliyacheka. Linalofuata sikulicheka.

Mlango wetu ulikuwa na maneno manne: nipe swichi hii, weka swichi hii, nipe zote, na la nne, ambalo niliona ndilo la maana, umeshajazwa? Maana kuna ghala lisilo na kitunguu kwa sababu kimeuzwa, na kuna ghala lisilo na kitunguu kwa sababu lori halijafika. Ukichungulia dirishani yote mawili ni matupu. Mwanangu akishajua kusema akaniuliza "maziwa yapo?", nikimjibu "hayapo" ni jibu moja, nikimjibu "sijaangalia" ni jingine. Nikasema: hifadhi ambayo haijawahi kujazwa isijibu washa wala zima. Ijibu haijulikani, na mhudumu aone neno hilo kwa macho yake, apige simu aulize.

Meneja akakataa. Nataka mmwelewe, si mtu mbaya. Nilipojifungua, ni yeye aliyetoa mafaili yake kwenye kile chumba cha nyuma akaweka mkeka ili Ester alale nikiwa kazini. Lakini alikuwa anawaogopa wafadhili kama mtoto anavyoogopa sindano.

"Haijulikani?" akasema. "Nikimwonyesha mgeni tableti ikaandika haijulikani, ataniuliza tunalipwa kwa nini. Isiyojulikana iandikwe zima. Usalama kwanza."

"Si usalama, ni kubahatisha," nikamwambia.

"Na maneno yawe ya Kiswahili. Washa, zima. Safi, mafupi, yanakaa vizuri kwenye kioo."

Elibariki akajaribu: "Mzee, walau tuandike imezimwa."

"Herufi nyingi. Zima."

Tukaandika zima. Nalisema jinsi lilivyokuwa. Nililipigania lile la haijulikani kikao baada ya kikao, mpaka wenzangu wakawa wananiita "Mama Haijulikani" ninapoingia na uji wa mtoto. Neno zima lenyewe hakuna aliyeligusa zaidi ya pale. Kwa Dar es Salaam huenda lingepita. Huku kwetu, ambako Kiswahili tumekipata shuleni na sokoni, na kila mtu amekishona juu ya lugha ya mama yake, zima linasemwa asubuhi hadi jioni na halimaanishi giza. Pikipiki iko zima. Mguu iko zima. Unanunua redio mnadani, unamwuliza muuzaji, anaapa: iko zima hii!

Ndipo tukatuma toleo jipya la programu. Toleo likaanzisha hifadhi upya, tupu. Kwenye vijiji vyenye mtandao hifadhi zilijaa mara moja, hakuna aliyejua. Piyaya mtandao hakuna, toleo lilishuka tableti ilipopandishwa kilimani, mtandao ukakatika kabla swichi hazijafika. Tableti ikaamka, programu ikagonga mlango: kituo kipya ikoje? Ghala tupu, lori halijafika, na kwa amri ya meneja ghala likajibu ZIMA. Meneja akawatumia wahudumu wote ujumbe waangalie kituo kipya kinasomekaje. Naserian akaupata kilimani, akashuka akaangalia, akaiacha tableti nyumbani kwenye chaji ya sola, akapanda tena na simu yake kutafuta mtandao, akasema alichokisoma. Meneja akasikia, akatutangazia Piyaya safi. Na tableti, kwa kuwa swichi ilihesabiwa imezimwa, ikaonyesha mahali pa zamani.

Naserian akawaambia akina mama mahali ilipoonyesha tableti, wakaenda pa zamani. Wengine walitoka mbali, na watoto mgongoni, na upepo wa kule mnaujua. Walikaa mpaka mbuzi wakaanza kurudi. Gari lilisubiri pengine, dereva na muuguzi wakishangaa kwa nini leo hakuna mtu, wakaondoka na chanjo kwenye barafu kama walivyokuja nazo.

Baada ya kile kikao nilimpigia Naserian. Ilichukua muda kumpata. Alianza na salamu kama kawaida yake, hakimbilii neno hata nyumba ikiwaka.

"Mama Ester, wewe mzima?"

"Mzima, yeyo," nikamwita mama kwa Kimaasai.

"Mtoto mzima?"

"Mzima. Ameota jino, ananiuma."

"Sidai, vizuri sana. Na baba yake?"

"Mzima, yuko na watalii kreta ya Ngorongoro. Naserian, tableti wamechukua?"

Upepo ukapiga kwenye simu yake.

"Wamekuja na pikipiki, wamechukua. Mama Ester, mimi nimesoma kilichoandikwa. Imeandikwa zima. Kitu ikiwa zima si ndiyo nzuri? Mbuzi ikiwa zima si ndiyo haina ugonjwa? Wamesema sijui kusoma. Nilisoma vibaya wapi?"

"Hukusoma vibaya."

"Basi waambie wale akina mama. Mimi wakiniona wanasema, huyu ametutoa boma kwenda kunywa upepo."

Akaendelea, sauti chini: "Watoto wa huku, akikutana na mtu mkubwa anainamisha kichwa, unamgusa, ndiyo salamu. Wewe umeona. Jana mtoto wa wifi yangu alikuwa anakuja kuniletea kichwa. Mama yake akamvuta mkono."

Nimewahi kufika Piyaya, nilikwenda kuwafundisha tableti. Naserian ndiye aliyenipokea na mimba yangu kubwa, akanikalisha kwenye kivuli cha ukuta wa nyumba yake, akanipa maziwa akisema mwanamke mwenye tumbo hafundishi akiwa na njaa. Nilipowaeleza swichi, wenzake walikuwa wanaogopa kugusa kioo. Yeye alikigonga kwa kucha kama anapima kibuyu, akaniambia, "Hii haina meno. Njooni." Kile kituo kizima kilisimama kwa sababu ya imani ya wanawake wale kwa mwanamke huyu mmoja. Tableti hawaijui, wanamjua Naserian. Gari likirudi, na akawaita mtu mwingine wasiyemjua mwenye tableti ile ile, mnadhani watatoka boma?

Hiyo ndiyo data ambayo hakuna hifadhi inayoitunza, wadogo zangu, na ikifutika haina nakala.

Nilirudi kwa meneja peke yangu, mlango umefungwa, nikiwa nimepoa. Nilimwambia amrudishie kazi na aende kuwaambia akina mama ukweli. Alishika kichwa.

"Nikisema ni programu, mfadhili anaondoka, ofisi inafungwa, wewe na Elibariki mko nje. Nikisema ni mhudumu mmoja, yanaisha. Atapata shughuli nyingine. Anauza shanga, si ndiyo?"

"Anauza shanga kwa nani, Piyaya? Watalii huko si wanapita juu kwa ndege?"

"Mama Ester, nifikirie na mimi."

"Nimekufikiria. Nimefikiria na mkeka wa Ester. Ndiyo maana nimefunga mlango kwanza."

Hakubadilika, nikamwambia nitamwandikia mkurugenzi. Elibariki akanikuta kwenye ngazi, punje ya hindi kidevuni. "Usiandike na hasira," akaniambia.

"Nitaandika na hasira, wewe utanisahihishia nahau na vituo."

Akavuta kiti. Alisahihisha vituo viwili tu, na akaongeza jina lake chini bila kuambiwa.

Mkurugenzi wetu anakaa Arusha, tunamwona kwenye sherehe. Barua sikuituma kwa simu, simu hupotea kwa urahisi. Nilipanda basi na Ester, nikamkabidhi katibu wake mkononi, nikasubiri nakala yangu igongwe muhuri. Nayo ndiyo hii:

YAH: MALALAMIKO RASMI KUHUSU KUONDOLEWA KWA MHUDUMU WA PIYAYA

Ndugu Mkurugenzi,

Mimi ni mmoja wa wawili waliochora mlango wa hifadhi ya swichi. Nalalamika rasmi juu ya uamuzi wa meneja wa Karatu kumnyang'anya tableti mhudumu Naserian na kumtangaza kuwa hajui kusoma.

Tableti yake ilikuwa na hifadhi tupu baada ya toleo jipya. Hifadhi tupu ilipaswa kusema haijulikani. Ilisema zima, kwa sababu hivyo ndivyo meneja alivyoamua kwenye vikao, mbele yetu. Mhudumu hana uwezo wa kubadili swichi. Alisoma neno lililoandikwa, akalisema kama lilivyo, kwa maana inayotumika Ngorongoro na Karatu yote. Meneja alilisikia na kulielewa kwa maana hiyo hiyo, akatutangazia kuwa Piyaya wako safi. Wote waliokuwa ofisini walimsikia. Maana aliibadilisha baada ya gari kuondoka.

Naomba mambo haya yafanyike. Toleo jipya lisitumwe kijiji chochote kisicho na mtandao mpaka mlango ubadilishwe, na hifadhi isiyojazwa ikiri kwamba haijui. Neno zima liondolewe kwenye vioo vyote. Kabla ya neno jingine kuwekwa, wahudumu wenyewe waulizwe wanalielewaje, si sisi tuliokaa Karatu. Chanjo zilizokosekana zipangiwe safari nyingine, na tarehe wapelekewe kwa mdomo wa Naserian.

Kuhusu mfadhili, meneja ana hofu ya kweli na siipuuzi. Niko tayari kukaa mbele ya mfadhili huyo na kumweleza mwenyewe kosa letu, kwa maneno mepesi. Kama ofisi itafungwa kwa kusema ukweli, mimi nimeshatoka, barua yangu ya kuacha kazi iko nyuma ya hii. Nimeacha kwa hiari na sidai chochote kwa ajili yangu.

Ninachodai ni kwa ajili yake. Tableti ilichukuliwa mchana, mbele ya majirani, na mtu aliyetumwa na meneja. Irudishwe mchana, mbele ya akina mama wale wale, na meneja mwenyewe. Aseme kosa ni la nani, na asimwachie mkalimani kulitafuna. Akimaliza asiondoke haraka. Asimame pale mpaka aone watoto wanamletea Naserian vichwa awaguse.